Zino Davidoff: Mfanyabiashara aliyechoma mzigo wenye jina lake

Agosti 1989, mzee wa miaka 83 kutoka Geneva, Uswisi, alifanya jambo ambalo mfanyabiashara wengi wangeogopa hata kuliwaza. Alichoma hadharani biri zaidi ya 100,000. Hazikuwa za magendo wala hazikuwa bandia. Zilikuwa zimetoka Havana, mji mkuu wa Kuba, na kila moja ilikuwa na pete ya karatasi yenye jina lake. Watu wa kuzinunua kwa bei kubwa hawakukosekana. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja tu: hazikufikia ubora wa kuuzwa.

Mzee huyo ni Zino Davidoff. Wengi leo wanalijua jina lake kwenye chupa za manukato au kwenye pakiti za sigara za kawaida. Yeye mwenyewe aliishi kwa biri, ile bidhaa nene inayoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Kwa zaidi ya miaka 60 kazi yake ilikuwa kushika biri, kuinusa, kuivuta na kuamua kama inafaa kupita mlangoni kwake. Alijengwa na kazi hiyo, na mwishowe ndiyo iliyomfikisha kwenye moto ule.

Mtoto wa dukani

Davidoff alizaliwa Machi 1906 katika Dola ya Urusi, kwenye nchi ambayo leo ni Ukraine. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na baba yake, Henri, alifanya biashara ya tumbaku. Miaka ile Wayahudi wa Urusi walishambuliwa mara kwa mara, nyumba zao zikiporwa na watu kuuawa. Mwaka 1911 familia ilihama na kukimbilia Geneva. Zino alikuwa na miaka mitano.

Kama wahamiaji wengi, baba aliendelea na kazi aliyoijua. Alifungua duka dogo la tumbaku. Likawa mahali pa kukutania Warusi waliokuwa uhamishoni, wengi wao wapinzani wa serikali ya mfalme. Alipozeeka, Zino alipenda kusimulia kwamba mmoja wa wateja wale alikuwa Lenin, kabla hajarudi nyumbani kuongoza mapinduzi. Kilicho wazi zaidi ni kwamba mtoto huyo alikulia katikati ya harufu ya majani, mizani na wateja wanaobishana bei.

Mwaka 1924, baada ya shule, baba alimwachia aende ng'ambo kujifunza tumbaku inakotoka. Kijana wa miaka 18 alipanda meli kuelekea Amerika ya Kusini. Alifanya kazi Argentina, kisha Brazili, na mwisho akafika Kuba, ambako alikaa kiasi cha miaka miwili katika mashamba.

Miaka miwili shambani

Safari hiyo ndiyo iliyomtenga na wauza tumbaku wengi wa Ulaya. Wao walipokea masanduku yaliyokwisha kufungwa na kuyapanga rafuni. Davidoff alianza na mche.

Tumbaku ya biri iliyosifika kuliko zote Kuba hutoka Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río, magharibi ya kisiwa. Huko jani la kufunikia biri hupandwa chini ya turubai za kitambaa chepesi ili jua lisilichome na kulifanya gumu. Majani huchumwa kwa mkono, machache kwa kila mzunguko, kuanzia chini ya mmea kwenda juu. Kila ngazi ya mmea ina kazi yake. Majani ya chini huwaka kwa urahisi lakini hayana nguvu. Ya katikati yana harufu. Ya juu, yanayopigwa na jua zaidi, ni mazito na makali, nayo huwaka polepole.

Baada ya kuchumwa, majani hutundikwa katika mabanda na kukaushwa na hewa kwa muda wa karibu miezi miwili. Hapa kuna tofauti na tumbaku ya mvuke inayojulikana Tabora na Urambo, ambayo hukaushwa kwa moto ndani ya mabani na kwenda kwenye sigara. Jani la biri halikimbizwi. Likishakauka hulundikwa na kuvundikwa, lundo likapata joto lenyewe kutoka ndani, na joto likizidi lundo hupinduliwa. Katika kuvunda huko jani hutoa amonia, ule mvuke mkali unaochoma pua, na ukali wake hupungua. Hatua hiyo hurudiwa, kisha majani huwekwa yapumzike. Yale mazito ya juu huhitaji kupumzika muda mrefu zaidi, miaka miwili au hata zaidi.

Mwishowe jani hufika kwa mviringishaji. Mezani ana ubao, kisu cha chuma kisicho na mpini na gundi kidogo inayotokana na mimea. Huchukua majani ya ndani ya aina mbalimbali, huyakunja yakiacha njia ya hewa, huyafunga kwa jani la kushikilia, halafu huyavika jani la nje lililo laini kuliko yote. Kwa biri ya ukubwa wa kawaida, fundi mzuri hutengeneza kama 100 kwa siku.

Davidoff aliondoka Kuba akiwa anajua jambo ambalo wanunuzi wengi hawakulijua. Biri inaweza kuharibika katika hatua yoyote ya hizo, na kila kosa huacha alama yake. Aliyekaa shambani akiiona alama hiyo baadaye anajua ilianzia wapi.

Ghala chini ya duka

Karibu mwaka 1930 alirudi Geneva na kushika duka la familia. Hapo alikutana na tatizo ambalo Kuba halikuwepo. Jani la tumbaku hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa iliyolizunguka. Havana hewa ina unyevu mwingi. Geneva majira ya baridi, nyumba zikipashwa moto, hewa hukauka. Biri iliyotoka Kuba ikiwa nzuri ilifika dukani na kupasuka baada ya wiki chache.

Mfanyabiashara wa mahindi anaelewa jambo hili. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na mzigo uliozidi hapo hukataliwa hata kama ulipakiwa ukiwa safi. Kwa biri hatari iko pande mbili. Ikikauka sana, huwaka haraka, moshi huwa wa moto na ladha hupotea. Ikilowa sana, huvimba, hukataa kuwaka na kuota ukungu. Joto likipanda, huamka kijidudu kinachotoboa biri kama fukusi anavyotoboa nafaka, na sanduku zima likaharibika.

Davidoff alitengeneza ghala chini ya duka, lenye joto na unyevu unaodhibitiwa ili hewa yake iwe karibu na ile ya Kuba. Wauzaji wa biri hulenga unyevu wa hewa wa kama asilimia 70. Siku hizi hilo ni jambo la kawaida katika maduka ya aina hiyo, lakini wakati ule Ulaya wachache walilifikiria, naye anahesabiwa miongoni mwa waliofungua njia. Mteja aliweza kununua masanduku na kuyaacha humo, akija kuchukua chache chache. Biri iliyotunzwa vizuri haikai tu bila kuoza. Huendelea kukomaa, ukali ukipungua na ladha zikichanganyika.

Uswisi haikuingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Katika miaka ile na iliyofuata, jina la duka hilo lilivuka mipaka, na matajiri waliopita Geneva waliingia kununua.

Jinsi biri inavyopimwa

Upimaji wa biri hufuata mpangilio, kama upimaji wa kahawa au chai. Davidoff alijifunza mpangilio huo kazini na baadaye akaandika kitabu kuhusu biri mwishoni mwa miaka ya 1960, kikasomwa katika lugha kadhaa.

Jicho hutangulia. Jani la nje linapaswa kuwa na rangi moja, lenye mng'ao mdogo wa mafuta, bila mishipa mikubwa wala mpasuko. Ndani ya sanduku moja biri zote ziwe za rangi inayolingana. Viwanda vya Havana huajiri watu wa kupanga rangi tu, kuanzia iliyokolea hadi iliyo nyepesi. Sanduku lililochanganyika rangi ni dalili kwamba mtu aliharakisha.

Mkono hufuata. Biri hubanwa taratibu kwa vidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Inatakiwa inepe kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama kijiti mahali fulani, majani yamejazwa kupita kiasi na moshi utakwama hapo. Ikibonyea na kubaki hivyo, imejazwa kidogo; itawaka mbio na kuunguza ulimi. Ikitoa sauti ya kukatika, imekauka.

Kisha pua. Kabla ya kuwashwa, biri nzuri hunukia mbao, udongo, ngozi, wakati mwingine kakao au viungo. Ikitoa harufu ya amonia, jani halikuvunda vya kutosha au halikupumzishwa. Harufu ya ukungu haina msamaha.

Baada ya kukatwa kichwa, huvutwa kabla ya moto ili kujua kama hewa inapita. Hilo ndilo kosa linalowaudhi wateja kuliko yote, kwa sababu biri iliyoziba haina dawa. Ladha inaweza kuwa nzuri namna gani, haitafika mdomoni.

Moto huja mwisho. Biri iliyoviringishwa vizuri huwaka sawasawa pande zote, na majivu yake hushikana badala ya kupeperuka. Ikiwaka upande mmoja, majani ya ndani hayakupangwa vizuri. Moshi wa biri hauingizwi kifuani. Ladha yake huchukuliwa mdomoni. Mpimaji huifuatilia kwa sehemu tatu. Theluthi ya kwanza kwa kawaida ni nyepesi, ya pili huonyesha mchanganyiko wenyewe, ya tatu huongezeka nguvu kwa sababu lami na nikotini zimejikusanya. Biri duni hubaki na ladha ile ile kisha inakuwa chungu. Iliyo bora hubadilika bila kukwaruza koo.

Jaribio gumu zaidi kuliko yote hayo ni kurudia. Biri moja nzuri inaweza kutokea kwa bahati. Mpimaji huchukua nyingine kutoka sanduku lingine, na nyingine kutoka shehena ya mwezi mwingine. Mteja anayelipa bei kubwa hulipia uhakika kwamba ya leo itafanana na ya jana.

Hakuna kipimo kati ya hivyo kinachoondoa madhara. Moshi wa biri huleta saratani ya mdomo na koo hata usipoingizwa kifuani. Davidoff alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku na hakuacha kuiuza, ingawa ushauri wake kwa wateja ulikuwa wavute chache, zilizo bora, na bila haraka.

Jina juu ya pete

Katika miaka ya 1940, Davidoff alipata wazo lililombadilisha kutoka muuza duka hadi mwenye chapa. Alipanga na kiwanda cha Hoyo de Monterrey cha Havana kimtengenezee biri maalumu, akazipa majina ya mvinyo mashuhuri wa Bordeaux, Ufaransa: Château Latour, Château Margaux, Château Lafite, Château Haut-Brion. Mteja wa Ulaya aliyekuwa hajui chochote kuhusu Pinar del Río aliyajua majina hayo na alijua yanamaanisha bei na daraja. Bidhaa ya mbali ikapata lugha ambayo mnunuzi aliielewa.

Mwaka 1959 mapinduzi ya Fidel Castro yalishinda. Mwaka uliofuata viwanda vya tumbaku vilitaifishwa, na wenye chapa wengi wakakimbia. Mwaka 1962 Marekani ikapiga marufuku bidhaa za Kuba. Soko kubwa lililokuwa jirani likafungwa, na Ulaya ikawa muhimu zaidi kwa Havana. Serikali ya Kuba, kupitia shirika lake la tumbaku Cubatabaco, ilimtafuta mwenye duka wa Geneva na kumpa heshima ambayo wafanyabiashara wachache wa nje waliipata: biri ya Kuba itakayobeba jina lake mwenyewe.

Biri hizo zilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, zikitengenezwa El Laguito, jumba la kifahari nje kidogo ya katikati ya Havana ambako wanawake walikuwa wamefunzwa uviringishaji. Katika jumba hilo hilo zilitengenezwa Cohiba, biri ambazo mwanzoni zilikuwa za viongozi wa serikali na wageni wao. Kwa muda wa kama miaka 20, Davidoff ya Havana ilihesabiwa miongoni mwa biri bora zaidi duniani.

Mwaka 1970, akiwa na miaka 64, aliuza biashara yake kwa kampuni ya Oettinger ya Basel, iliyoongozwa na Ernst Schneider. Davidoff alibaki kuwa sura ya chapa na mshauri wake. Hisa zilikuwa za wengine, lakini jina lilibaki la kwake, na kila biri mbovu iliyouzwa ilimtaja yeye.

Mgogoro na moto

Miaka ya 1980 haikuwa rahisi kwa tumbaku ya Kuba. Mwanzoni mwa muongo huo ugonjwa wa ukungu wa buluu ulifyeka mashamba, na mavuno ya 1980 yaliharibika vibaya. Mahitaji ya dunia hayakungoja. Penye haraka, hatua za kwanza kufupishwa ni zile zisizoonekana kwa macho: kuvundika na kupumzisha.

Kadiri muongo ulivyosonga, Davidoff na kampuni ya Oettinger walilalamika kwamba ubora umeshuka na mizigo hailingani. Upande wa Kuba kulikuwa na madai mengine, yaliyohusu umiliki wa jina hilo na nani ananufaika nalo. Mgogoro ukawa wa ladha na wa fedha kwa pamoja. Hauwezi kusimuliwa kwa kuacha upande mmoja.

Hapo ndipo ulipokuja moto wa Agosti 1989. Kulikuwa na njia nyingine. Mzigo ungeweza kuuzwa kwa punguzo, au kuondolewa pete na kupelekwa soko la chini, au kurudishwa kimya kimya. Kila njia ingeokoa fedha, na kila njia ingeacha biri zile mikononi mwa mtu ambaye siku moja angesema alivuta Davidoff na ikawa mbaya. Kwa kuchoma hadharani, mzee huyo aliwaambia wateja kwamba kipimo chake bado kinafanya kazi. Aliwaambia Wakuba pia kwamba yuko tayari kuondoka.

Na wakaondoka. Pande mbili zilifikia makubaliano, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Davidoff ya Kuba ikakoma kutengenezwa. Kazi ilihamia Jamhuri ya Dominika, chini ya mtaalamu wa tumbaku Hendrik Kelner. Uhamisho huo ulikuwa na faida ya wazi ya kibiashara, kwa sababu biri za Dominika ziliruhusiwa kuingia Marekani na za Kuba hazikuruhusiwa. Ulikuwa na hatari pia. Tumbaku ya Dominika ni laini zaidi, na wateja waliozoea ukali wa Havana wangeweza kuikataa. Wapo waliokata tamaa na wasirudi. Lakini chapa haikufa. Ilipata wateja wapya waliotafuta biri laini inayofanana kila mara.

Zino Davidoff alifariki Geneva tarehe 14 Januari 1994 akiwa na miaka 87. Alikuwa ameiona biri ya Dominika ikisimama badala ya ile ya Havana.

Leo masanduku machache ya Davidoff ya Kuba yaliyobaki hutafutwa na wakusanyaji na kuuzwa kwa bei ya juu sana. Wanaoyanunua bado wanaliamini jina lililo kwenye pete. Davidoff alilianza jina hilo katika duka dogo la mkimbizi, akalijenga kwa kujua mzigo wake kuanzia mche hadi jivu, na alipolazimika kuchagua kati yake na shehena iliyokwisha kufika, aliichoma shehena.